Usimtajie Mgonjwa Jina

Mkeka wa kitanda cha pembeni ulikuwa umelowa jasho. Muuguzi Mwaija aliugusa alipokwenda kuutoa ukafuliwe, akakuta una vuguvugu la mtu aliyeinuka sasa hivi, na kumbe kitanda hicho hakikuwa na mtu tangu mpagazi mmoja alipofia hapo. Mpagazi huyo aliletwa hajitambui, akafa bila kusema neno, akazikwa pasipo mtu kujua aliitwa nani. Mwaija aliukunja mkeka, akautoa uani, akanawa mikono kwa majivu, akaendelea na kazi. Hakuogopa. Ndui ilikuwa imemzolea mume na watoto wake wote, na tangu hapo mambo mengi yalipita mbele yake kama yanamhusu jirani.

Hiyo ilikuwa Bagamoyo, miaka ile misafara ya pembe ikishuka kutoka bara mfululizo, kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao. Wapagazi walifika wamechakaa, wengine wakianguka na homa zao mlangoni mwa matajiri hao hao waliowabebesha mizigo, na matajiri wakiwaruka wasije wakachafua kanzu. Bi Zeyana binti Azzan, mjane Mwarabu wa Kimanga, aliona haya kwa niaba yao. Akaligeuza ghala la marehemu mumewe kuwa nyumba ya wagonjwa. Watu wa mji waliiita spitali, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Bi Zeyana hakuwa tabibu, lakini kwa yale aliyoyajua alikuwa mkali kama pilipili. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe ubavu, asije akaoza mgongo angali hai. Anyanyuliwe kichwa kabla ya kunyweshwa, na uone koo limemeza ndipo uongeze. Na kubwa kuliko yote, usimpe mtu dawa mpaka akutajie jina lake kwa kinywa chake mwenyewe.

"Usimtajie wewe," alikuwa akimwambia Mwaija. "Mwenye homa ukimwuliza kama yeye ndiye Sultani, atakuitikia naam."

Alikuwa na sababu. Mgonjwa mmoja aliwahi kunyweshwa dawa ya mwenzake kwa ajili ya hiyo naam, na hakuiona alasiri.

Siku chache baada ya mambo ya mkeka, aliletwa Bwanausi kwa machela. Alikuwa mdogo wake Mwaija, amekwenda bara na msafara akiwa mzima wa afya, amerudi mifupa. Ndiye ndugu pekee aliyembakia. Mwaija alimlaza karibu na mlango penye upepo, akamwuguza kwa mikono iliyoijua kazi, ila usingizi ukamkataa. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kwa mengi, lakini huyu alimtaka apone. Hilo moja lilikuwa bado linamwuma.

Basi ikawa adhuhuri moja, jua la utosi, mji umejifungia ndani, hata kunguru wamenyamaza. Mwaija aliingia na kikombe cha dawa chungu ya homa. Mlangoni alikutana na harufu ya karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu baada ya kuoshwa, na siku hiyo hakufa mtu. Macho yalikuwa mazito, jua lilikuwa limembana mboni, akaona kitanda cha pembeni kina mtu amejifunika shuka mpaka kichwani. Akadhani Bi Zeyana amemhamisha Bwanausi kumwepusha na joto la mlangoni. Akainama.

"Wewe Bwanausi?"

"Naam," ikajibu sauti chini ya shuka.

Akapitisha mkono chini ya kichwa, akakinyanyua, kikawa chepesi kupita kichwa cha mtu, akakipeleka kikombe kwenye midomo ambayo hakuiona sawasawa ila aliisikia baridi kwenye vidole, akangoja koo limeze kama alivyofundishwa, na koo likameza, likameza tena, likaendelea kumeza wakati kikombe kimeshakauka, na ndipo nyuma yake, kutoka kitanda cha mlangoni, akasikia mtu akihangaika kuvuta pumzi, akageuka, akamwona mdogo wake amelala pale pale alipomlaza, macho wazi, akimtazama.

Alipogeuka tena pembeni, shuka lilikuwa limelala bapa juu ya kamba za kitanda.

Mwaija alimwendea Bwanausi, akapiga magoti. Akamwuliza safari hii kama inavyotakiwa: jina lako nani? Bwanausi alifungua kinywa, akakifunga. Alitafuta kwa macho, darini, ukutani, usoni pa dada yake.

"Nilikuwa nalo," akanong'ona. "Dada, nilikuwa nalo."

Tangu saa hiyo hakumeza kitu. Dawa ilimwagika pembeni mwa mdomo, maji yalifuata njia hiyo hiyo. Na kila mtu alipomwita Bwanausi, yeye hakugeuka, ila kitanda cha pembeni kiliitika naam, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Wagonjwa walioweza kutembea walijikokota mpaka barazani. Wasioweza walijifunika nyuso wakalia kimyakimya. Bi Zeyana alisimama mbele ya kitanda kile akasoma Ayatul Kursi kwa sauti isiyotetemeka, na kitanda kikanyamaza. Alipotoka tu, akamtaja Bwanausi mlangoni kwa bahati mbaya, nacho kikamwitika.

Ndipo akaitwa Bi Chausiku, fundi wa pepo kutoka upande wa Makurunge, mwanamke mnene asiye na haraka. Bi Zeyana alimwambia mapema kwamba ngoma hataki, nyumba ina wagonjwa na wagonjwa wanataka utulivu. Bi Chausiku akasema ngoma haihitajiki kwa kitu kinachoitika chenyewe. Akachoma ubani, akakaa chini karibu na kitanda, akauliza jina.

"Bwanausi," kikasema.

"Nani kakupa?"

"Muuguzi."

"Lirudishe."

Moshi wa ubani ukasimama hewani bila kupanda wala kutawanyika, na wote waliokuwemo wakasikia kamba za kitanda zikilia polepole, kama mtu anayejikunja akumbatie magoti yake.

"Nitaitwa nani?"

Bi Chausiku alimvuta Mwaija nje.

"Hili silifukuzi kwa kelele, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Limeonja kuitwa. La ndugu yako litaliachia likipewa jingine."

Mwaija akasema lipewe la marehemu mumewe. Bi Chausiku akatikisa kichwa. La maiti halilitaki, akasema. Linataka jina ambalo yupo mtu bado analiita.

Mwaija akafikiri. Aliyekuwa akimwita kwa jina lake kwa mapenzi yuko kaburini. Watoto walimwita mama, nao wako kaburini. Bwanausi humwita dada. Amebaki Bi Zeyana, naye humwita kwa kazi tu. Alipolipima jina lake hivyo, aliona ni kitu kidogo. Bi Chausiku alimwomba asubiri mpaka kesho, maana yeye mwenyewe hajui jina likiondoka huondoka na nini. Lakini kupitia mlangoni Mwaija alikiona kifua cha mdogo wake, kinapanda, kinasita, kinasita mno, kinashuka. Akaingia.

Alisimama mbele ya kitanda cha pembeni, akauliza vile vile alivyokatazwa.

"Wewe Mwaija?"

Alingoja. Harufu ya karafuu maiti ikamjaa kooni.

"Abee," ikajibu sauti, na sasa ilikuwa ya kike.

Kitanda cha mlangoni kikakohoa. Yule muuguzi, tumwite hivyo sasa, akamkimbilia mgonjwa wake.

"Jina lako nani?"

"Bwanausi." Akalamba midomo. "Nina kiu."

Akamnyanyua kichwa, akamnywesha, akaona koo limemeza, akaongeza. Joto la homa lilikuwa linashuka chini ya kiganja chake. Alingoja furaha imjie, asiione.

Bi Zeyana akaita kutoka uani, "Mwaija!"

Muuguzi alifungua kinywa, na hakuna kilichotoka.

"Abee, Bibi," ikaitika sauti kutoka pembeni. Kamba za kitanda zikalia. Nyayo zikapita nyuma ya mgongo wake, za mtu anayeujua mlango, zikatoka uani, na huko akamsikia Bi Zeyana akiagiza maji na majivu kama kila siku, na akijibiwa ndiyo.

Bwanausi alikuwa amezifuata nyayo zile kwa macho, anatabasamu. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekishika kichwa chake, akamtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mtu asiyemjua.

"Ahsante, bibi," akasema. "Mwambie dada yangu nimeamka."

Yule mwanamke akamlaza ubavu, akamfunika vizuri, akamjibu kwamba atamwambia.