Mstari Mmoja Unatosha

Verediana alikuwa mkulima wa Murusagamba, wilayani Ngara. Asubuhi alipalilia maharage pamoja na mume wake, Havyarimana. Jua likipanda alirudi nyumbani, akamenya ndizi, akapika. Watoto wakishakula, alinawa miguu, akavaa viatu, akachukua madaftari yake na kwenda shule.

Ndiyo, shule. Verediana alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Utotoni alimaliza darasa la saba, akaishia hapo. Baba yake aliugua, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa wa nyumba. Sasa alisoma na watu wazima wenzake kumi katika chumba kimoja cha shule ya kata, mara tatu kwa wiki. Mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu msomaji wa nje ya shule kufanya kidato cha nne, alikwisha kuufaulu. Uliobaki ni mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba.

Alikuwa na sababu yake. Zahanati ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa mbaya, hasa wakati wa mvua. Kijiji kilihitaji mhudumu wa afya, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, kupima watoto na kutambua mapema mtoto aliye hatarini. Tangazo lililobandikwa ofisi ya kata lilitaka mtu aliyefaulu kidato cha nne. Verediana alilisoma mara mbili, kisha akaenda kujiandikisha darasani.

Siku moja mwezi wa Julai, Havyarimana alirudi kutoka Ngara mjini akiwa na furaha.

"Mama Odeta, nimekuletea karamu!"

"Karamu? Nani anaoa?"

Havyarimana alicheka. Yeye alikulia kwenye Kirundi, na herufi *l* na *r* zilimchezea kila siku. Alitoa kijiboksi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na kalamu nyeusi, nzito, yenye kishikizo cha rangi ya dhahabu.

"Karamu ya kuandikia," alisema. "Nataka mke wangu aandike kama afisa."

Verediana aliijaribu palepale. Wino wake ulikuwa mwingi na mweusi tititi. Maandishi yaling'aa. Yalichelewa kukauka, lakini hilo hakulijali. Hakuna mtu aliyewahi kumletea zawadi ya namna ile.

Agosti walifanya mtihani wa majaribio. Mwanamke mmoja darasani alimwambia, "Nenda na wembe. Ukikosea, unakwangua." Mwingine alimwazima ule wino mweupe wa kufutia. Verediana akaenda navyo vyote viwili, pamoja na kalamu yake mpya. Alijiona amekamilika.

Baada ya wiki moja karatasi zilirudishwa. Katika Biolojia, somo alilolipenda kuliko yote, alipata alama ishirini na nne kwa mia.

Aliikunja karatasi, akarudi nyumbani, akaiweka chini ya nguo sandukuni. Siku ya kipindi kilichofuata hakwenda. Cha pili yake pia hakwenda.

Jumamosi mchana alikuwa uani akipepeta maharage. Jirani yake, Mwalimu Tecla, alipiga hodi. Mwalimu Tecla alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa Biolojia wa sekondari. Kwa miaka mingi alikuwa akiitwa kusahihisha mitihani ya taifa, na sasa alijitolea kuwafundisha watu wazima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Odeta. Nimeona kiti chako kitupu mara mbili. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mwalimu." Verediana aliendelea kupepeta. "Labda shule ni ya watoto. Kichwa changu kimekomaa."

"Nani kakwambia?"

"Karatasi yangu imeniambia. Ishirini na nne!"

"Ilete tuisome pamoja."

Verediana alisita, kisha akaingia ndani akaitoa. Mwalimu Tecla aliketi kwenye kigoda, akaikunjua juu ya magoti.

"Swali la tatu. Nieleze, damu inaingiaje moyoni?"

Verediana aliacha ungo. Alieleza vyumba vya moyo, kimoja baada ya kingine. Alitaja mishipa. Hakukosea hata mmoja.

"Sasa tazama ulichoandika," alisema mwalimu.

Verediana alitazama. Palipokuwa na jibu lake palikuwa na tundu. Alikuwa amekwangua kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu Tecla aligeuza ukurasa. Tundu lilelile lilikuwa limekula nusu ya jibu la swali la tano, upande wa nyuma.

"Na hapa kwingine wino umepenya. Maandishi ya mbele yamechanganyika na ya nyuma. Mkono wako nao umepita juu ya wino mbichi ukaupaka. Unaweza kusoma hapa?"

Verediana aliisogeza karatasi karibu na macho. "Siwezi, mwalimu. Na niliandika mwenyewe!"

"Na mimi niliyesahihisha? Msahihishaji haoni kilichomo kichwani mwako. Anaona karatasi tu. Nilijua unajua, maana nimekufundisha. Lakini Novemba atakayeisoma ni mtu asiyekujua. Atatoa alama kwa kile anachoweza kukisoma."

"Kumbe sikushindwa Biolojia?"

"Ulishindwa na wembe," alisema Mwalimu Tecla, na wote wawili wakacheka.

Kisha mwalimu alimweleza polepole.

"Maandishi yote ni kwa peni ya wino wa bluu au mweusi. Usitumie nyekundu, hiyo ni ya msahihishaji. Peni iwe ya kawaida, ambayo wino wake unakauka upesi na haupenyi. Michoro ni kwa penseli. Wewe moyo umeuchora kwa wino, ulipokosea ukaupaka rangi nyeupe, ukachora tena juu yake. Umekuwa kama kiazi kilichooza. Penseli ukikosea unafuta kwa ufutio, unachora upya."

"Na nikikosea maandishi?"

"Kata kwa mstari mmoja. Neno moja, mstari mmoja juu yake, kisha andika lililo sahihi mbele yake. Aya nzima, piga mstari mmoja kwa rula kutoka pembe hadi pembe, halafu anza upya chini yake. Mstari mmoja unatosha. Usisugue mpaka karatasi ichanike. Wembe uache nyumbani wa kukatia kucha. Wino mweupe mrudishie mwenyewe."

"Lakini si itaonekana nimekosea?"

"Ionekane! Kukosea si aibu. Hakuna anayekupunguzia alama kwa sababu umejisahihisha. Ila ukiacha majibu mawili bila kukata moja, msahihishaji atajuaje unalolitaka? Jambo lingine: usikate jibu la zamani kabla hujawa na jipya. Nimeona watu wamekata jibu zuri, wakaacha mahali patupu."

Havyarimana alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, jembe begani. Alikuwa amesikia. Verediana alipomwona, alisimama upesi.

"Kwa hiyo ni karamu yangu," alisema Havyarimana kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hapana, Baba Odeta. Wewe umenipa..."

"Shemeji," mwalimu alimkatiza kwa upole, "kalamu yako ni nzuri ya kuandikia barua na kusaini. Kila chombo kina kazi yake. Wewe unapalilia maharage kwa shoka?"

Havyarimana alitazama jembe lake, akatabasamu. "Nitakata mizizi yote."

Jumatatu alikwenda mwenyewe dukani, kwenye senta ya biashara ya kijiji. Alichukua kipande cha daftari, akaomba kujaribu kalamu moja baada ya nyingine. Aliandika mstari, akaupitishia kidole kuona kama unapaka. Kisha aliigeuza karatasi, akaielekeza kwenye mwanga. Mwenye duka alimwuliza kama anafungua ofisi.

"Mke wangu anafanya mtihani," Havyarimana alijibu, na wateja wote wakamsikia.

Alirudi na kalamu tatu za bluu za aina moja, penseli mbili, kichongeo, ufutio na rula.

"Kwa nini kalamu tatu?" Verediana aliuliza.

"Moja ikikauka, nyingine ipo. Ya tatu ni ya wasiwasi wangu."

Tangu siku hiyo Verediana aliandika mazoezi yake yote kwa kalamu zile, maana Mwalimu Tecla alimwonya kwamba siku ya mtihani si siku ya kuzoea kalamu mpya. Alifanya maswali ya miaka iliyopita huku akitazama saa. Mwanzoni kila alipokosea mkono ulitafuta wembe. Baada ya wiki mbili ulisahau. Alijifunza pia kubakiza dakika chache za kusoma tena alichoandika. Humo alikamata makosa yake mengi: namba ya swali iliyosahaulika na, katika insha za Kiswahili, *mfeleji* badala ya *mfereji*, *kurara* badala ya *kulala*.

"Mume wangu ameniambukiza," alimwambia mwalimu.

"Wote tunaambukizana huku," Mwalimu Tecla alijibu. "Ndiyo maana tunasoma mara ya pili."

Novemba ikafika. Siku ya Biolojia mvua ilinyesha asubuhi, na Verediana alifunga vifaa vyake ndani ya mfuko wa plastiki ili visilowe. Msimamizi aliwaambia wasome maelekezo kabla ya kuanza. Verediana aliyasoma neno kwa neno. Aliandika namba yake ya mtahiniwa, akaihakiki, kisha akaanza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka swali la tisa, kuhusu kipindupindu. Alilijua. Aliandika haraka, akajaza zaidi ya nusu ukurasa. Alipoinua mkono kupumzika, alilitazama tena swali. Swali liliuliza njia za kuzuia ugonjwa. Yeye alikuwa ameandika dalili zake.

Nusu ukurasa! Alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika thelathini na tano. Alivuta pumzi, akajiuliza polepole: kipindupindu kinazuiwaje? Maji ya kunywa yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni. Choo kitumike na kifunikwe. Jibu lilikuwepo kichwani, zima kabisa.

Alichukua rula. Alipiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe ya kile alichokiandika. Chini yake akaandika tena namba ya swali, akaanza upya. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika sita, akarudi mwanzo, akajisomea. Maneno mawili aliyakata, akayaandika vizuri. Msimamizi aliposema wakati umekwisha, kalamu ya Verediana ilikuwa tayari mezani.

Mwezi wa Januari, yeye na Havyarimana walikuwa shambani wakimalizia kuvuna maharage. Mwalimu Tecla alikuja akipita katikati ya migomba, sketi ameikunja kwa mkono mmoja, simu ameishika kwa mwingine.

"Mama Odeta! Matokeo!"

Verediana alikaa chini, juu ya rundo la mashina ya maharage. "Soma wewe, mwalimu. Mimi macho yamepotea."

"Kiswahili, B. Jiografia, D. Uraia, C." Mwalimu aliteremsha kidole kwenye kioo cha simu. "Biolojia, B. Umefaulu, mwanangu. Umefaulu!"

Havyarimana alirusha kofia yake juu. Ilinasa kwenye mgomba, na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Alimshika mke wake mkono, akamwinua, akasema kwa Kirundi maneno ambayo Mwalimu Tecla hakuyasikia vizuri, lakini aliyaelewa.

Hati za matokeo zilipofika, Verediana alikwenda ofisi ya kata. Mtendaji, Bwana Gozbert, alikuwa akijaza fomu za waombaji wa mafunzo ya afya. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Verediana Bartholomayo."

"Elimu?"

Swali hilo Verediana alikuwa ameulizwa mara nyingi maishani. Aliulizwa kliniki, wakati wa sensa, na kwenye kikundi cha akina mama. Kila mara alijibu "la saba" huku akitazama chini.

"Kidato cha nne," alisema.

Bwana Gozbert aliandika. Hakushangaa, hakuuliza mara ya pili. Aliandika kama anavyowaandikia watu wote, na hilo ndilo lililomfurahisha Verediana zaidi.

"Mafunzo unaweza kuanza lini, mama?"

"Maharage tumekwisha kuvuna," Verediana alijibu. "Hata kesho."