Maboga Yaliyooshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ihirwe alipita kwanza nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Busanza, penye majani mapana ya maboga. Bibi yake, Gahongayire, daima alikuwa amemtangulia, kitenge chake kimelowa umande. Alichuma ua dume, akaligusisha taratibu katikati ya ua jike, akatabasamu.

"Bibi, hiyo si kazi ya nyuki?"

"Nyuki wa mjini wana shughuli nyingi, mjukuu wangu. Mimi nawasaidia tu."

Bibi alikulia Karagwe, Tanzania, na bustanini hakuzungumza ila Kiswahili, kana kwamba maboga yasingeelewa lugha nyingine.

Mwaka huu maboga hayo yalikuwa na kazi kubwa. Shangazi Mutesi, aliyeishi nao, alikuwa mjamzito. Mtoto akizaliwa, watoto wa jirani wangealikwa siku ya kumpa jina. Wangelima kidogo uani kwa vijiti, kama ilivyo desturi, wangeketi kwenye mkeka na kula maharage yaliyopikwa pamoja na maboga, kisha kila mmoja angetaja jina analolipenda. Bibi alikuwa ameahidi kwamba maboga ya siku hiyo yangetoka katika bustani yake.

Yalipokomaa, alimfundisha Ihirwe kuyapima kwa ukucha. Ganda likitoboka, boga liachwe. Ganda likikataa, boga likatwe. Walikata kwa kisu, wakiacha kikonyo chenye urefu wa kidole, wakayaanika juani hadi yakawa magumu kama mbao.

"Sasa nisikilize," alisema Bibi. "Kikonyo ni kizibo cha boga. Usikiondoe. Yasiguswe na maji, yasilale kwenye saruji, yasigusane. Yalaze juu ya nyasi kavu. Hapo yatatungoja mpaka mtoto aje."

"Nimesikia, Bibi."

Kesho yake Bibi alikwenda Rwamagana kumuuguza dada yake, akamwachia Ihirwe kazi ya kuyaweka stoo.

Jumamosi ya umuganda ikafika. Baada ya kazi hiyo ya pamoja, Mzee Damascène wa kamati ya usafi ya mtaa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Ihirwe aliyatazama maboga: udongo, vumbi, vikonyo vilivyopinda kama mikia ya panya. Katika mtaa ambako watu hufagia mpaka mbele ya geti la jirani, angewezaje kumwonyesha mgeni uchafu huo? Alileta beseni, sabuni na brashi. Akasugua. Akakata vikonyo vyote, akayapanga juu ya saruji, moja juu ya jingine, kama machungwa ya dukani.

Shema, mdogo wake, alikunja uso. "Lakini dada, Bibi alisema..."

"Nyamaza, sha! Wewe unajua nini kuhusu usafi? Hata masikio yako hujayaosha."

Mzee Damascène alipochungulia stoo, alishika kiuno. "Yewe! Haya ni maboga au viatu vya bwana harusi? Nani kafanya kazi hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Hongera, binti! Ningeweza, ningeleta mtaa mzima uje kujifunza."

Ihirwe alitembea kwa maringo juma zima. Kisha harufu ikaanza. Boga la chini lilikuwa limelainika pale kilipokuwa kikonyo, na maji ya kahawia yalichuruzika sakafuni. Ihirwe alilifunika kwa gunia, akafunga mlango. Kila siku alijiambia atasema kesho, na kila siku aliongeza gunia jingine.

Bibi aliporudi, hakuhitaji kuonyeshwa njia. Aliifuata pua yake. Aliinua magunia. Nusu ya maboga yalikuwa yameoza.

"Vikonyo viko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shema alicheza mpira humu," maneno yalimtoka Ihirwe kabla hajayafikiria. "Labda vilivunjika."

Bibi aligeuka. "Shema, ni kweli?"

Shema alimtazama dada yake, kisha vidole vya miguu yake. "Ndiyo, Bibi. Ni mimi."

"Basi aliyeharibu chakula cha mtoto hataketi kwenye mkeka siku ya kumpa jina."

Kwa wiki nyingi Shema alikuwa amelinong'ona jina alilomchagulia mtoto, akikataa kumwambia mtu yeyote.

Ihirwe alimfuata uani. "Kwa nini umekubali?"

"Mimi nimezoea kugombezwa," alisema Shema, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Wewe ungelia."

Ihirwe alilia pale pale. Kisha akarudi stoo mbio, machozi yakiwa hayajakauka.

"Bibi, Shema hana kosa! Mimi niliyaosha. Mimi nilikata vikonyo. Niliona yanaoza nikayafunika. Halafu nikamsingizia."

Bibi alimvuta karibu. "Mpira haukati kama kisu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Na wewe uliyejificha nyuma ya mlango, ingia! Uongo wa kumpenda dada nao ni uongo."

"Ndiyo, Bibi," ilijibu sauti ndogo.

Mabovu waliyazika kwenye shimo la mbolea. Mazima yaliyobaki yasingeweza kungoja bila vikonyo, kwa hiyo Bibi aliamua yagawiwe majirani siku ile ile, na Ihirwe aseme kwa kila mlango kilichotokea.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Nyirahabimana, fundi cherehani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Uliyasugua kwa sabuni? Mama weee! Na mafuta ya nywele uliyapaka?" Lakini alilipokea boga kwa mikono miwili. Mzee Damascène hakucheka. Alikuna kichwa. "Na mimi niliyesifu, je? Aibu hii tuigawane, binti."

Mtoto alipozaliwa, stoo ya Bibi ilikuwa tupu. Asubuhi ya siku ya jina, Bibi alikuwa akichambua maharage, na Ihirwe alikuwa hathubutu kumtazama. Geti likagongwa. Mama Nyirahabimana aliingia na boga la bustani yake kichwani. Nyuma yake alikuja Mzee Damascène akikumbatia mawili, shati lake jeupe limejaa udongo.

"Sijayagusa hata kwa tone la maji!" alitangaza. "Na vikonyo vyake, hesabuni wenyewe!"

Nyumba nzima ilicheka. Vyungu vikapanda motoni.

Mkeka ulipotandikwa, Ihirwe alibaki mlangoni na sufuria. Bibi alimshika mkono.

"Hukumu ilikuwa ya aliyeharibu, Bibi," alisema Ihirwe.

"Aliyeharibu ni yule aliyekuwa akificha," alijibu Bibi, "naye hayupo tena hapa. Sikia, mjukuu wangu. Kuosha maboga lilikuwa kosa la kutosikiliza, na ungesema mapema, lingetuletea hasara ya boga moja tu. Magunia ndiyo yaliyotuletea hasara ya nusu ya stoo. Boga bovu likifunikwa huambukiza lililo kando yake, na uongo wako nao ulianza kumla mdogo wako. Siku nyingine ukikosea, nijie mapema, hata kama mikono yako bado ina sabuni. Mimi ni bibi yako. Nitakugombeza, kisha tutatafuta dawa pamoja."

Akampeleka mpaka kwenye mkeka, akamketisha ubavuni mwa Shema.