Sauti Yangu mu Shimo la Majani

Jioni ile bibi yangu Mukasine, mama ya mutoto wetu Elodie, alinituma sukari ku butike ya Mushaki. Kazi ndogo tu. Lakini batu wakaniomba niige mbuzi ya pasteur, na mimi ukiniomba mara moja natoa mara tatu. Miaka makumi mbili ya teatre, tumbo kubwa, kinywa kikubwa kupita tumbo. Wakati nilianza kupanda kurudi, ukungu ulikuwa umekwisha kumeza kilima.

Papa Kanyamibwa, muchungaji wa ng'ombe za koperative, akatokea mbele yangu. Akasimama. Akaniangalia kama muntu anayeona kaburi inatembea.

— Papa Elodie... weye uko huku?

— Niko wapi tena? Mwili huu unaweza kuwa fasi mbili?

Hakucheka.

— Nimekusikia sasa hivi ku shimo. Uko unaita bibi yako.

Sukari ilianguka.

Hilo shimo njo fasi tunafukia majani ya mahindi mabichi, tunafunika na bâche, turubai ya buluu, ng'ombe zikule wakati wa jua. Mwaka huu Ingénieur Nadine aliweka ndani capteurs, vyombo vidogo vya kupima joto na hewa. Akili ya mashini inasoma vile vipimo, na majani yakitaka kuoza, inatupigia simu. Nadine alitaka sauti yenye kila muntu anajua. Nani mwingine? Nilirekodi sentensi tano. Inje upepo ulikuwa mukali, basi nikashuka mu shimo likiwa bado tupu. Kule chini kulikuwa kimya kama studio.

Papa Kanyamibwa alinionya siku ile:

— Usiache sauti yako chini ya udongo. Itakutafuta.

— Ikinipata iniletee brochette ya nyama!

Batu walianguka na kicheko. Yeye hapana.

Sasa nilikimbia. Mimi, na hili tumbo.

Harufu ilinifikia ya kwanza. Chachu tamu, kama kasiksi, pombe ya ndizi, ya siku nyingi. Halafu niliona bâche. Inapanda... inashuka... inapanda. Upepo haukuwako.

— Mama Elodie...

Sauti yangu. Kutoka chini.

— Mama Elodie, kuya. Nimeanguka.

Hiyo sentensi sikuirekodi.

Mukasine alikuwa amefungua kona ya bâche, muguu moja ndani tayari. Nilifungua kinywa niite, nikakifunga. Nikiita, atasadiki sauti gani? Nikamushika kitenge, nikavuta. Akanipiga kiwiko, akalia kuelekea mule ndani:

— Niache! Bwana yangu iko mule!

Halafu akageuka. Akaona uso wangu.

— Kama weye uko hapa... akanong'ona.

Chini, kitu kilicheka. Kicheko changu cha teatre, kile kinachoanza na kikohozi.

Simu yake ikalia mukononi, akaipokea. Mashini. Sauti yangu tena, sentensi ya tano, ile ya kweli: «Hewa ni mubaya. Musiingie.»

Kesho yake Nadine alikuja, akaeleza. Majani yakichacha yanatoa hewa inayoua; pumzi mbili, tatu, Mukasine asingetoka. Bâche inapanda sababu ya hewa ile. Sawa. Mu simu, sentensi ni tano, ya sita haiko. Sawa. Halafu akatuonyesha ku kioo cha ordinateur yake: saa ya ukungu, capteur ya ile kona ilipanda mbio, ikasimama ku digri makumi tatu na saba.

— Majani pia yanaweza kupata joto ya muntu, akasema. Ni kawaida.

Lakini alipanda pikipiki yake bila kumaliza chai, na hajarudi.

Tangu siku ile, jua likishuka sisemi. Nikimutaka Mukasine, namugusa bega. Batu wanafikiri ni komedi mupya. Juma lililopita tulikuwa karibu na moto, yeye anapika maharagi, kinywa kimefungwa. Inje, mbali kidogo, sauti yake ikaita:

— Bwana yangu iko mule...

Akanishika mukono. Kucha zake ziliingia mu nyama.

Elodie, mutoto wetu wa pekee, anasoma Goma, anakuya likizo Siku ya Posho, njo Jumamosi. Hatukumupigia simu. Tulimwandikia mesaji: «Ukisikia tunakuita, usije. Kuya tu ukituona na macho.»

Ameitika leo asubui: «Sawa papa. Lakini jana jioni si ni nyinyi wawili mulinipigia simu, munaniambia nipitie kwanza ku shimo?»