Kikombe cha Jumanne

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi milangoni. Wahitimu wa chuo cha uuguzi walivaa majoho ya buluu yaliyowazidi urefu, ndugu zao walikanyagana wakitafuta pa kusimama, na katikati ya vurugu hiyo mwanamke mmoja mwenye suruali nyeusi na shati jeupe lililokunjwa mikono alikuwa akipiga picha bila kupumzika. Fundi wa kamera alikaa safu ya tatu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mtoto wa dada yake, lakini hotuba hata moja haikumwingia. Masikio yake yote yalikuwa kwenye ile kamera.

Mtu aliyefungua kamera kwa miaka ishirini huzisikiliza kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mwanawe, na ile ilikuwa inakohoa. Akavumilia, akavumilia, mwishowe akainuka.

"Dada, samahani. Shata yako inakufa."

Mwanamke hakugeuka. "Kaka, naomba unipishe. Unanizibia mwanga."

"Sikiliza inavyoburuta ikifunga. Haitamaliza hata saa moja."

"Kwani wewe ni nani, mganga?"

Alipiga picha tatu zaidi. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilitoka na ukanda mweusi uliomfuta mhitimu kuanzia kifuani kwenda juu. Ya tatu haikutoka kabisa; kioo cha nyuma kiliandika kwamba kuna hitilafu, kisha kamera ikanyamaza. Mwanamke hakupiga kelele wala hakulaumu mtu. Alishusha mabega tu, kama mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba siku itamwishia hivi. Fundi alimpenda pale pale, kwa yale mabega. Na yeye alikuwa nayo kama hayo.

"Haya, mganga," mwanamke alisema. "Nielekeze kilinge chako."

Kilinge chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ofisi: meza, taa yenye shingo ndefu, birika la umeme, na droo zilizojaa kamera zilizokata roho. Mwanamke alifika Jumatatu jioni. Alipanda ngazi polepole, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu bila kuomba ruhusa.

"Usinishangae," alisema. "Miaka kumi na miwili nasimama kwenye harusi za watu. Miguu imegoma kabla ya kamera."

Fundi alifungua kamera chini ya taa, akamwonyesha vipazia vyembamba vinavyofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Kimoja kilikuwa kimepinda, kingine kimekatika. Ndiyo shata yenyewe, ilikuwa imechakaa kwa kazi.

"Inatengenezeka?"

"Inabadilishwa. Natafuta spea."

"Itafute basi, daktari. Jumamosi nina jaribio. Kuna wachapishaji wa vitabu vya shule wanataka mpiga picha wa mwaka mzima. Majani, vyombo vya maabara, ramani. Vitu ambavyo havihami hami." Alijikanda kisigino. "Nikiipata kazi hiyo, nitapiga picha nimekaa, kama binadamu."

Walikunywa chai. Waliongea hadi duka la chini lilipoteremsha mlango wake wa chuma. Mwanamke alimweleza habari za mama yake, ambaye miguu ilimsumbua kuliko yeye, na anayekaa naye ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Fundi naye alimweleza kwamba alikuwa na mke, na mke aliondoka miaka sita iliyopita kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kuishi na fundi ni sawa na kuishi na mgongo wake. Mwanamke alicheka. Ilikuwa miaka tangu mtu acheke ndani ya chumba kile.

Sasa sikia alichofanya huyu mtu mzima mwenye akili zake. Jumanne asubuhi alipekua droo, akapata kamera mfu ya aina ile ile yenye shata nzima. Akaihamisha. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, akaijaribu kwa kupiga picha kikombe chake cha chai kilichokuwa dirishani, mara mia mbili, na kila mara ikaitika safi. Jioni aliposikia hatua zilizochoka zikipanda ngazi, akaifunika kwa kitambaa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" mwanamke aliuliza akivua viatu.

"Spea haijafika."

Alijitetea moyoni kwamba si uongo wa kumdhuru mtu. Jaribio ni Jumamosi. Angempa kamera Ijumaa, mapema kabisa. Alichotaka ni jioni tatu tu, na kwa hesabu yake aliona hajamwibia mtu chochote.

Jumatano mchana simu iliita.

"Nambie ukweli, daktari. Spea itafika leo?"

"Leo sidhani, mpenzi." Neno lilimtoka. Akasubiri kukemewa.

"Umeniitaje?"

"Nimesema sidhani."

"Nimekusikia vizuri tu." Sauti yake ilikuwa na tabasamu, kisha tabasamu likazimika. "Haya. Basi. Jioni nitapita hata kama hakuna spea. Chai ipo?"

"Chai ipo siku zote."

Akapita. Alhamisi akapita tena, na gauni la rangi ya udongo ambalo fundi alijua fika halikuvaliwa kwa ajili ya kamera. Walishikana mikono juu ya meza, kati ya bisibisi na skrubu ndogo ndogo. Mwanamke hakulitaja jaribio hata mara moja, na fundi, kwa furaha yake, hakujiuliza kwa nini.

Ijumaa alimkabidhi kamera imefutwa vumbi, lenzi inang'aa. Alitazama uso wake akingoja ufunguke.

"Ahsante," mwanamke alisema taratibu. "Ingekuja siku mbili mapema. Basi, si kosa lako."

"Jaribio si kesho?"

"Jumatano niliwapigia. Siwezi kumwekea mtu ahadi na kamera sina, na ya kuazima iliwahi kuniaibisha mbele za watu. Nikamwambia mhariri samahani, kamera yangu ni mbovu, amchukue mwingine. Akasema sawa, na akaongeza kwamba wao wanataka mtu anayetunza vifaa vyake."

 Fundi alifungua mdomo aseme, lakini mwanamke alikuwa ameshaiwasha kamera na kuanza kupitia picha zilizomo. Kikombe. Kikombe. Kikombe. Na kamera, kama zilivyo kamera zote, huandika tarehe na saa kwenye kila picha.

"Jumanne," alisoma. "Saa sita na dakika kumi mchana." Akainua macho. "Jumanne ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Jumatano nilipokupigia, ilikuwa hapo mezani?"

"Ilikuwa chini ya kitambaa."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakuja," alisema. "Nikaona nikikupa, hutakuja tena."

Mwanamke alivaa viatu.  "Ungesema hivyo tu," alisema akiwa mlangoni. "Ningekuja bila hata kuwa na kamera."

Fundi alipiga simu mara tano. Haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Hakuna alichoweza kuandika ambacho kingemrudishia mtu kazi, na kumwomba msamaha kwa simu aliona ni kumwongezea mwenzake mzigo wa kumsikiliza.

Jumamosi asubuhi alivaa shati la kwendea mahafali, akaenda kwa wale wachapishaji, ambao tangu zamani aliwatengenezea mashine za kuchapia. Mhariri, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa anasimamia kijana wa watu aliyekuwa akipiga picha darubini ya maabara juu ya meza nyeupe. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama: Jumanne, kikombe, kitambaa.

"Na mimi unaniambia ili nifanye nini?" mhariri aliuliza. "Nafasi imeshapata mtu."

"Sikuja kuomba nafasi. Mlimwona hatunzi vifaa vyake. Kamera yake ilichakaa kwa kazi, na mimi ndiye niliyeificha. Nimeona msimkumbuke kwa kosa langu."

Mhariri alivaa miwani, akamtazama. "Sisi mashine zetu za kuchapia si huwa unatengeneza wewe?"

"Ni mimi."

"Kuanzia leo nitatafuta mwingine. Mtu akinidanganya kuhusu kitu kilicho mezani kwake, simpi kingine." Hakukasirika. Alisema kama anayesoma orodha ya vitabu. Fundi aliinamisha kichwa, akashukuru, akashuka ngazi. Alikuwa amechoka hadi kwenye meno.

Jumatatu jioni simu yake iliita.

"Ulikwenda kutafuta nini kule?" Hakuna salamu.

"Kusema."

"Wamekupa nini?"

"Hata maji ya kunywa hawakunipa. Na mashine zao hawataniletea tena."

 Alisikia magari upande wa pili, na pumzi zake. "Mhariri amenipigia. Kazi hakunipa, amesema kijana anafanya vizuri. Ila amesema mwakani nijaribu tena." Akakohoa kidogo. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Usijibu haraka haraka hivyo, nitaona unanibembeleza. Niko hapa chini ya duka lako. Siwezi kupanda ngazi mbili kwa siku moja, na za nyumbani bado zinanisubiri. Shuka wewe."

Alishuka. Mwanamke alikuwa ameegemea ukuta, begi la kamera begani, kanga ya mabega imeteleza. Fundi alilichukua begi bila kuuliza, naye akaliachia.

"Sina maneno matamu," fundi alisema walipokuwa wakitembea. "Nataka tuoane. Nakwambia leo ili usije ukalikuta jambo hili mwenyewe mahali pengine limeandikwa tarehe, kama kile kikombe."

Alicheka, na kucheka kulimuuma. "Unajua kuchagua siku, wewe. Nimechoka, nina hasira, na unaniuliza hivyo barabarani."

"Nijibu ukipumzika."

Wakafika kwao. Walipanda ghorofa ya kwanza, wakasimama wapumzike. Ya pili, wakasimama tena. Ya tatu alifungua mlango kwa ufunguo wake. Ndani, mama yake alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

"Mama, nina mtu," mwanamke alisema. "Ndiye huyu aliyenikosesha kazi."

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

Mama hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Yule niliyekuwa nikimwombea mabaya siku tatu nzima?"

"Huyo huyo."

"Na umemleta wewe mwenyewe, kwa miguu yako hiyo?"

"Nimemleta mwenyewe."

Mama alishusha pumzi. Aliondoa nguo zilizokunjwa kwenye kiti cha pembeni, akazipakata mapajani.

"Marahaba," alisema. "Kaa basi, mwanangu. Mbona umesimama kama mgeni."