Chupa Zisizolia

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mtunza stoo wa kliniki alifungua kabati akakuta chupa kumi na mbili za dawa mpya ya VVU hazipo. Kufuli lilikuwa zima. Funguo walikuwa nazo yeye na muuguzi mkuu tu, na kwa kuwa muuguzi hakuwa na doa, mganga mkuu alishaamua nani alale ndani.

"Afande, nina watoto," mtunza stoo alimwambia mpelelezi. "Niibe, kisha nijiripoti?"

Mpelelezi, mama asiyebabaishwa na machozi, aliinama akaokota vinyuzi vya pamba chini ya kabati. Katika chumba cha vidonda, bunda la pamba lililofunguliwa Ijumaa lilibaki nusu.

"Jana mgeni gani aliingia?" alimuuliza mlinzi.

"Hakuna. Tulifunga."

"Na mwenyeji?"

Mlinzi alijikuna kichwa. "Muuguzi mkuu, saa tisa. Kwani na yeye wa kuhesabiwa?"

Mpelelezi alitikisa chupa moja iliyobaki. Vidonge vililia kama njuga. Mwizi wa kuuza hana haja ya pamba. Huyu alitaka chupa zinyamaze.

Aliwaita wote ofisini.

"Dada," alimwambia muuguzi, "chupa ulizijaza pamba ili nani asisikie?"

Muuguzi hakupepesa macho. "Matajiri wa dada wa kazi niliowapelekea. Chupa ikilia mfukoni, dada wa kazi anafukuzwa. Wote kumi na wawili wameandikishwa hapa. Dawa hutolewa Jumanne asubuhi tu. Wao hupumzika Jumapili. Tangu kidonge hiki kije, wenye nafasi ya kuja Jumanne wamenawiri. Wasichana kama hawa, watatu nimewazika mwaka huu, nikachoka kuzika. Mwachie huyu kaka, nifunge mimi."

Mpelelezi alimheshimu kwa moyo wote. Aliandika: *Dawa zimewafikia wenyewe.*

Mganga mkuu alisoma, akainamisha kichwa. Alimwomba radhi mtunza stoo, kisha akamgeukia muuguzi.

"Jumapili tutafungua. Nifundishe kuweka hiyo pamba."

Jioni, nyumbani kwake, mpelelezi alimkuta dada wake wa kazi akiosha vyombo. Mara mbili binti huyo alikuwa ameomba ruhusa ya Jumanne, na mara mbili yeye alikataa bila hata kuinua macho. Hakumuuliza kitu.

"Mwanangu, kesho ni Jumanne," alisema, akimpokea sahani. "Nenda unakotaka. Chai nitapika mimi."