Laptopu Isiyotakiwa Kuwaka

Mnanichosha. Kila mkishiba mnataka habari ya Soketi na ile laptopu, halafu mkishatishika ni mimi wa kuwasindikiza chooni. Haya, nasema mara moja tu, na mwenye maswali akaiulize redio.

Soketi alikuwa fundi wa kompyuta. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa mlango wa pili, kwa kuwa hakupita penye tundu la umeme bila kulichungulia. Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele nyumbani kwa dada yake, na dada mwenyewe alishona nguo chumba cha nyuma, pazia katikati. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimlisha na kumsomesha kwa cherehani hiyo hiyo, na mpaka ndevu zimemtoka bado alimfokea kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Asubuhi moja akaingia mwanamke mtu mzima, mganga, kaikumbatia laptopu kama kabeba mtoto mwenye homa. Akaiweka mezani ikiwa wazi. Kwenye kioo palikuwa na kile kiduara cheupe kinachozunguka mashine inapoamka. Kinazunguka, kinazunguka, basi.

"Haimalizi kuwaka," Soketi akasema. "Niachie niiangalie."

"Usiiangalie. Mimi nasafiri, na kwangu umeme unakatika hovyo. Wewe una betri kubwa ya akiba. Iache kwenye chaja izunguke hivyo hivyo mpaka nirudi. Isizimike, na isimalize kuwaka."

"Mama, watu wananiletea mashine nizitengeneze."

"Hii haijaharibika, mwanangu. Hii ni kufuli. Kuna mgeni humo ndani, na siku ikimaliza kuwaka atatoka."

Soketi akaminya midomo asicheke, akaitikia sawa.

Sasa, shida haikuanza na jini. Ilianza na kinyozi. Meza ya Soketi ilitazama barabarani, kila apitaye aliiona ile mashine inazunguka tangu asubuhi mpaka jioni, kesho tena. Kinyozi akawa anachungulia na mkasi mkononi.

"Soketi, huyo bado anapiga mswaki tu? Hatoki bafuni?"

"Ya watu hiyo. Niache."

"Sema imekushinda, ndugu yangu. Hata mimi kuna vichwa vinanishinda."

Wateja wakacheka. Mmoja akachukua mashine yake, akasema anaipeleka kwa anayejua. Hilo lilimwingia Soketi kama mwiba, akasahau alichoitikia.

Ilikuwa mchana, jua kali. Mnaodhani majini husubiri giza, nani kawaambia wanaogopa jua? Soketi akachomoa chaja. Kiduara kikaendelea. Akaipindua mashine, akafungua skrubu, akatoa betri, akaishika mkononi. Kiduara kikaendelea. Umeme uliobaki ndani, akajisemea, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Akatoa na diski. Kiduara sasa kikazunguka kwa kasi zaidi, na kwenye matundu ya feni ikaanza kutoka harufu ya nywele zinazoungua.

"Mdogo wangu, unaunguza nini huko?" dada akauliza nyuma ya pazia.

"Vumbi tu, dada."

Mwenye akili angeishia hapo. Yeye akafungua kifuniko cha memori, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akaichomoa. Kwenye yale meno yake ya shaba palikuwa pamezungushwa unywele mmoja mrefu, mweupe, kwa utaratibu, kama mtu kaufuma. Na fundi yeyote atakwambia, uchafu kwenye meno ya memori ndio unaoizuia mashine kuwaka. Hilo ndilo somo la kwanza. Akauvuta, akaupulizia mlangoni, akachukua kifutio cha penseli, akasugua meno yakang'aa, akairudisha. Tak.

Kiduara kikasimama.

Kioo kikawa cheupe, kisha cheusi, na laptopu ikajifunga yenyewe polepole kama mtu anayefumba mdomo, na nyuma ya pazia cherehani iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ikanyamaza, na ile harufu ikampita Soketi usoni ikiwa na joto la pumzi, ikaenda ndani, pazia likanyanyuka bila upepo na halikushuka haraka, naye akabaki amesimama na kifutio mkononi, akisikia nyayo za dada yake zikianza kutembea, taratibu, pasipo kufika popote.

Akachungulia. Dada alikuwa anaizunguka cherehani, macho wazi, makavu, hayapepesi.

"Dada," akanong'ona. "Dada, kaa chini."

"Asante, fundi," dada akajibu, na sauti haikuwa yake. "Nilichoka kuamka."

Soketi akamshika kiuno, akaburutwa naye. Kinyozi akaja na utani wake, akaondoka mdomo umekauka. Dada hakula, hakunywa, hakukaa. Nyayo zikavimba, zikapasuka, na kwenye sakafu ya saruji pakachoreka duara jekundu lililokuwa likikauka na kuloa tena. Soketi akampigia mganga simu, akinong'ona asisikike.

Mganga alifika na vumbi la safari. Hakumtazama dada kwanza, alifungua laptopu.

"Unywele uko wapi?"

"Niliupuliza nje. Nilijua ni uchafu."

"Ulikuwa wa marehemu mama yangu. Sina mwingine, na huyu hafungwi na unywele mwingine." Akavuta kiti. "Atamzungusha dada yako mpaka moyo uchoke. Hauko mbali na kuchoka."

"Mtoe, mama. Mpeleke kokote."

"Hakai kokote. Anakaa penye jambo linaloanza na halimaliziki. Wewe unapo mahali hapo?"

Soketi hakuelewa.

"Ukilala," mganga akasema polepole, "kuna pale ambapo huko macho na hujalala bado. Usingizi unakuja, haujafika. Nipe hapo. Yeye atakaa, na wewe hutapita tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakuzike."

Dada akawapita tena. Mguu wake ulitoa sauti ya kitambaa kilicholowa.

"Chukua," Soketi akasema.

Mganga akamlaza kwenye mkeka, akamfunika macho kwa kiganja, akamsomea. Mwili ukaanza kulegea, usingizi ukaanza kupanda kutoka miguuni, na ulipomkaribia kifuani harufu ya nywele ikarudi chumbani, ikamwingia puani. Nyayo zikasimama. Dada akaanguka chali, akaomba maji.

Alipona. Anashona mpaka leo, na kumfokea anamfokea, ila kwa sauti ya chini. Soketi kila akijilaza kope zinakuwa nzito, anaanza kuzama, kisha anamkuta mtu amekaa pale njiani, amempa mgongo, hasogei. Anarudi. Usingizi ndio alioulipa, wote, hata ule wa kusinzia kwenye kiti.