Aliyenipa Vile Vidonge

Justa alikuwa akichagua nyanya sokoni Mkuyuni aliposikia akiitwa kwa sauti ambayo angeitambua hata usingizini. Akageuka. Oyoo alikuwa amesimama katikati ya wanunuzi, shati jeupe limenyooshwa vizuri, macho yamemtoka pima.

"Justa! Mpenzi, umekonda. Umekata na nywele!"

"Usiniite mpenzi."

Muuza nyanya akaacha kufunga mfuko, akatega sikio.

"Nilikuwa nakupigia kila siku, hupatikani."

"Kule kituo cha waraibu hawaruhusu simu. Nilitetemeka kama kifaranga kilicholowa mvua, nikililia kidonge, na wewe hukuja hata kunichungulia!"

"Nilikuja! Mama yako alinikuta getini akanifukuza. Akasema hutaki kumwona mtu yeyote."

Justa aliirudisha nyanya kwenye fungu. Hilo hakuwa ameambiwa. Lakini hasira haikushuka, maana haikuanzia getini.

Ilianzia Buswelu, kwenye duka la dawa alikokuwa akiuza Oyoo. Justa, mwanafunzi wa sheria, aliingia kutafuta dawa ya kichwa, akatoka na mpenzi. Mitihani ilipomzidia, Oyoo akampa vidonge vya kumweka macho, vile visivyotolewa bila cheti cha daktari. "Meza, wakili wangu," alimtania, "ukawafunge wezi wote wa Mwanza." Mwanzoni alifaulu. Kisha kimoja hakikutosha, na baadaye hakuweza hata kuinuka kitandani bila kumeza. Siku moja moyo ulimwenda mbio, akaanguka katika chumba cha mtihani, akazindukia hospitalini.

"Nilikwambia mikono inatetemeka," Justa alisema, sauti ikipanda. "Ukanijibu nini?"

Oyoo aliinamisha kichwa. "Kwamba utazoea."

"Nitazoea! Na umesomea dawa!"

"Nilijua ni vibaya. Niliogopa nikikunyima utaniacha. Duka nimeacha, Justa. Nataka nikuoe."

Justa alicheka, cheko chungu. "Unanichumbia kwenye nyanya za watu? Twende kwa mama, sasa hivi. Mpaka leo anadhani nilivitafuta mwenyewe. Kamwambie aliyenipa ni nani."

Wakaenda. Sebuleni Oyoo aliinama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama, uso ameukunja.

Oyoo akasema yote, hakujitetea hata kwa neno moja. Mama akainuka, akamzaba kofi lililosikika hadi kwa jirani. "Toka nyumbani kwangu!"

Justa akamfuata hadi barabarani. Alidhani kofi lile lingempoza moyo. Wapi! Bado alikuwa akichemka.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nikikuangalia natamani nikuongeze la pili."

"Niongeze."

Hakumpiga. Alimkazia macho mpaka machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa hasira kwa upindo wa kitenge.

"Jumapili njoo tena. Mama atakufukuza. Jumapili nyingine uje, atakufukuza tena."

"Na wewe?"

"Mimi nitakufungulia mlango," Justa alisema, akigeuka kurudi ndani. "Kusamehe, sikuahidi."